Jiwe na Jina la Lugalo

Vipo vijiji ambavyo havikupata sifa kwa ukubwa wa masoko yake wala kwa rutuba ya mashamba yake. Vilijulikana kwa jambo moja tu, lililotendeka asubuhi moja, na tangu asubuhi hiyo majina yake hayakutamkwa tena kama majina ya vijiji vingine. Lugalo, katika nchi ya Uhehe, ni kimojawapo. Ukisafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa kwa barabara kuu, utakipita kabla ya kuufikia mji, na kama dereva ana haraka huenda usijue kwamba umekipita. Hapana ngome hapo, wala hapana jumba la mtawala. Pana vilima, mawe, vichaka, na mnara mmoja wa kumbukumbu.

Hata hivyo, mtoto wa shule aliyezaliwa Rungwe Mpya, katika milima ya Kasulu mkoani Kigoma, ambaye hajapata kuyaona maji ya Ruaha wala kusikia Kihehe kikisemwa, ukimtajia Lugalo atakujibu mara moja: Mkwawa. Na mkazi wa Dar es Salaam hulitaja jina hilo kila siku anaposhuka kwenye basi karibu na kambi ya jeshi, au anapompeleka mgonjwa katika hospitali ya kambi hiyo. Jina la kijiji kimoja cha nyanda za juu limekuwa mali ya nchi nzima. Katika makala haya tumekusudia kueleza jambo lililotendeka Lugalo, gharama yake, na namna lilivyohifadhiwa; kwani limehifadhiwa kwa njia mbili zisizofanana, jiwe na jina, na njia hizo mbili hazisemi maneno mamoja.

Ni desturi yetu kuianza habari ya Lugalo kwa kufika kwa Wajerumani, kana kwamba kabla yao Uhehe ilikuwa imelala. Sivyo. Katikati ya karne ya 19 Wahehe walikuwa watu wa koo na himaya ndogo ndogo, kila moja na mkuu wake. Aliyewaunganisha ni Munyigumba, wa ukoo wa Mwamuyinga, aliyezitia himaya hizo chini ya utawala mmoja, nyingine kwa maneno na nyingine kwa mkuki. Munyigumba alipofariki mnamo mwaka 1879, paliingia fitina ya kugombea urithi, na baada ya mapigano alitokea mwanawe Mkwavinyika, ambaye ulimwengu umemjua kwa jina la Mkwawa. Huyu alirithi pia vita na Wangoni, vilivyoanza mwaka 1878 na kuendelea hadi karibu na mwaka 1881, navyo havikumpa mshindi upande wowote. Pande zote mbili zilichoka, zikapatana.

Vita vya namna hiyo viliwafundisha Wahehe mengi. Walijifunza kwa Wasangu, jirani na mahasimu wao, namna ya kuwapanga vijana katika vikosi, kupigana kwa safu, na kumshambulia adui kwa mbio bila ya kumpa nafasi ya kujikusanya. Mtwa, yaani mtawala, aliwaweka wakuu wake katika kila sehemu ya nchi, nao walimletea askari alipowahitaji. Ilipofika miaka ya 1880, nguvu za Uhehe zilifika hadi njia kuu ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Yatupasa kusema wazi kwamba jirani za Wahehe hawakuifurahia nguvu hiyo. Waliporwa ng'ombe, wakachukuliwa mateka, wakatozwa kodi. Wasangu, waliofukuzwa katika nchi yao, hawakusahau. Mwalimu atakayeficha jambo hili kwa kudhani kwamba anamlinda shujaa atashindwa, baadaye, kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini Waafrika wengi walisimama upande wa Mjerumani dhidi ya Mkwawa.

Sasa tumwangalie mgeni. Mwaka 1884 Carl Peters alipita katika nchi za Usagara na jirani zake akikusanya mikataba ambayo walioitia alama hawakujua maana yake. Kampuni yake ilipojaribu kuitawala pwani, wananchi waliinuka mwaka 1888 wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Mwakilishi wa kampuni aliyekuwako Pangani wakati huo, ambaye ukali na dharau yake viliwachochea watu, alikuwa ofisa kijana aliyeitwa Emil von Zelewski. Watu wa pwani, wajuzi wa kubandika majina, walimwita Nyundo. Serikali ya Ujerumani ilituma majeshi, ikauzima upinzani, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zikagawana nchi hizi kwa kalamu, na mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ikautwaa utawala kutoka kwa kampuni. Kamanda wa jeshi lake jipya katika nchi hii alikuwa yule yule Nyundo.

Katikati ya mwaka 1891 Nyundo alitoka pwani na kikosi chake kwenda bara, kuwaadhibu wale waliosemekana kuisumbua njia ya misafara na vijiji vilivyojiweka chini ya Mjerumani. Alikuwa na Wazungu wasiozidi 14, askari wapatao 320, wapagazi wapatao 170, mizinga midogo na bunduki za mrututu. Alipoingia katika nchi ya Wahehe alichoma vijiji alivyovikuta njiani. Wazee wa Uhehe wamesimulia kwamba Mkwawa alituma wajumbe kutafuta suluhu, nao wajumbe wakapigwa risasi kabla ya kueleza neno walilotumwa. Kama Nyundo aliwadhania kuwa wapelelezi au kama hakujali walikuwa nani, kwa Wahehe jibu lilikuwa moja. Mlango wa maneno ulikuwa umefungwa.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, kikosi kiliondoka kambini mapema. Njia ilipita katika bonde lenye mawe na vichaka, nyembamba kiasi kwamba watu walikwenda mmoja nyuma ya mwenzake, na msafara ukawa mrefu kama kamba. Nyundo alikuwa mbele, amepanda punda. Bunduki za askari wengi hazikuwa na risasi ndani, na mizinga ilikuwa imefungwa kama mizigo. Kandokando ya njia, nyuma ya mawe na chini ya majani, walikuwa wamejificha Wahehe wanaokadiriwa kuwa 3,000, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, wachache wakiwa na bunduki. Aliyewaongoza ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa.

Ilikuwa imepangwa kwamba wasitokee mpaka ishara itolewe. Husimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege, akampiga risasi, na mlio ule ukachukuliwa kuwa ndiyo ishara. Wahehe wakainuka kutoka katika majani. Askari walipata nafasi ya kufyatua risasi moja au mbili, kisha mikuki ikawa imekwisha wafikia. Mizinga haikusema neno. Mapigano makuu hayakuzidi robo saa. Nyundo mwenyewe aliuawa hapo. Masimulizi ya Wahehe yanasema kwamba aliyemchoma mkuki alikuwa kijana wa miaka kama 16, na kwamba Mtwa alimtunza ng'ombe watatu. Waliokuwa nyuma ya msafara, chini ya Luteni Tettenborn, walikimbilia kilimani, wakapandisha bendera ili waliosalia wapate kuwaona, na baada ya siku mbili wakaanza kurudi pwani. Majani yalikuwa yamewashwa moto, na majeruhi wengi waliolala porini hawakuokoka.

Waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa Wazungu 10, askari wapatao 250 na wapagazi wanaokaribia 100. Bunduki zipatazo 300, mizinga na risasi viliangukia mikononi mwa Wahehe. Habari zilipofika Berlin hazikuaminika kwa urahisi, kwa maana waliojiona kuwa wamekuja kufundisha walikuwa wamefundishwa. Miaka 12 kabla ya hapo, Januari 1879, Wazulu walikuwa wamewashinda Waingereza kwa namna hiyo huko Isandlwana. Na miaka mitano baadaye, Machi 1896, Wahabeshi wangewashinda Waitaliani huko Adwa. Lugalo imo katika safu hiyo ya majina.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huweka kalamu chini. Sisi twamwomba msomaji aendelee kusimama nasi Lugalo kidogo, vumbi litulie, ili tuwahesabu waliolala.

Kwanza, Wahehe. Waliokufa papo hapo hukadiriwa kuwa 60, na wengine wapatao 200 walifariki baadaye kwa majeraha. Hawa walikuwa vijana wa vikosi, wale wale ambao nchi ingewahitaji kesho. Mjerumani aliweza kuleta askari wengine kwa meli. Uhehe haikuwa na meli ya kuleta vijana wengine. Kwa hiyo ushindi ule, pamoja na utukufu wake, ulikuwa wa gharama ambayo nchi ndogo haiwezi kuilipa mara mbili.

Pili, wale askari 250. Hawakuwa Wajerumani. Wengi wao walikuwa Wasudani waliokusanywa huko Misri mwaka 1889, na wengine waliletwa kutoka Msumbiji. Walipigana kwa mshahara, katika nchi wasiyoijua, dhidi ya watu ambao hawakupata kuwakosea. Na wale wapagazi hawakubeba hata silaha. Walibeba mizigo vichwani, na mikuki iliwakuta na mizigo hiyo. Wahenga wetu walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Bonde la Lugalo lilijaa nyasi za namna hiyo, na nyasi zile zilikuwa watu.

Baada ya Lugalo Mkwawa hakukaa kitako. Aliendelea kuiimarisha Kalenga, makao yake makuu, yaliyozungukwa na ukuta mkubwa wa mawe na udongo. Lakini Mjerumani alirudi. Tarehe 30 Oktoba 1894, majeshi ya Gavana von Schele, Tom von Prince akiwa mbele, yaliuvunja ukuta wa Kalenga na kuutwaa mji. Bunduki zilizonyakuliwa Lugalo hazikutosha kuuokoa. Mkwawa akatoka, akaingia porini, na kwa miaka karibu minne akapigana vita vya kuvizia, akilishwa na kufichwa na watu wake. Wajerumani walijaribu kumtumia Mpangile, mshindi wa Lugalo, wakamweka kuwa mtawala mwishoni mwa mwaka 1896. Miezi miwili haikupita wakamnyonga, wakimtuhumu kwamba alikuwa akimsaidia nduguye kwa siri. Kichwa cha Mkwawa kilitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, adui walipomkaribia, Mkwawa alijipiga risasi kuliko kushikwa. Kichwa chake kilikatwa.

Tunaona basi kwamba Lugalo ilikuwa asubuhi moja, na vita vilikuwa miaka saba. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipozuka kusini, Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuviingia, na baadhi yao walipigana upande wa serikali. Wako wanaolisema jambo hili kwa lawama. Sisi tunadhani kwamba nchi iliyokwisha kuzika vijana wake wa Lugalo, wa Kalenga na wa misitu ya miaka ile minne ina haki ya kusikilizwa kabla ya kulaumiwa. Kadhalika, inatuonyesha udhaifu uliomsaidia mkoloni kuliko mizinga yake yote, yaani kwamba kila kabila lilipigana zamu yake. Pwani ilipigana 1888, Uhehe 1891, kusini 1905. Laiti zamu hizo zingekuwa moja!

Sasa turudi kwenye jiwe. Mnara ule unaosimama Lugalo ulijengwa na watawala wa Kijerumani kuwakumbuka Zelewski na wenzake. Walioshinda siku ile hawakuujenga, wala haukujengwa kwa ajili yao. Ni jambo la kutafakari, kwamba mwenye kushindwa pigano aliweza kusimamisha jiwe kwa sababu mwishowe alishinda vita, na mwenye kushinda pigano hakuachiwa jiwe lolote. Wako waliosema mnara huo ungebomolewa. Sisi hatukubaliani nao. Jiwe hilo ni shahidi mwema kuliko alivyokusudia aliyelijenga, kwa sababu linakiri, mbele ya kila apitaye, kwamba hapo walianguka. Ni mara chache mkoloni alituachia hati ya kushindwa kwake iliyotiwa sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Jina nalo lilishika njia yake. Wajerumani waliliandika Rugaro, wakalitia katika taarifa zao kama jina la msiba. Wahehe walilihifadhi katika masimulizi ya jioni, katika majigambo na katika nyimbo, na watoto wakalipokea kwa masikio kabla ya kulisoma kwa macho. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, madai ya kichwa cha Mkwawa yaliingizwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kikiiamuru Ujerumani kulirudisha fuvu. Halikurudi wakati huo. Gavana Edward Twining ndiye aliyelitafuta katika jumba la makumbusho huko Bremen, na mwezi Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Fuvu lilirudi kwa mkono wa mkoloni mwingine, aliyekuwa na sababu zake za kutaka kuwapendeza Wahehe, lakini lilirudi. Adam Sapi huyo huyo, nchi ilipokuwa huru, alikuwa Spika wa Bunge letu.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kambi ya jeshi ya Dar es Salaam iitwayo Lugalo haikuitwa hivyo tangu mwanzo. Wakati wa Waingereza iliitwa Colito. Colito nacho ni kijiji cha vita, huko Uhabeshi, ambako mwezi Mei 1941 askari wa Kiafrika wa jeshi la Mfalme, wakiwamo wa batalioni ya Tanganyika, walipigana na Waitaliani. Katika kambi hiyo ndimo yalimoanzia maasi ya askari ya Januari 1964. Jeshi la zamani likavunjwa, likaundwa jeshi jipya la wananchi, na kambi ikapewa jina jipya. Hivyo jina la kijiji kimoja cha vita liliondoka, likaingia la kijiji kingine. Waliokufa Colito nao walikuwa watoto wa Afrika, na ushujaa wao haukuwa mdogo. Bali walipigana chini ya bendera isiyo yao. Taifa lilipojichagulia jina, lilichagua mahali ambapo watu walipigana kwa ajili ya nyumba zao.

Tunawaambia nini basi walimu? Tunawaambia kwamba Lugalo ifundishwe yote. Ifundishwe akili ya Mpangile na uvumilivu wa vijana waliolala katika majani bila ya kukohoa. Ifundishwe pia hesabu ya waliokufa pande zote mbili, malalamiko ya Wasangu, na upweke wa Uhehe siku ilipohitaji jirani. Mwanafunzi anayefundishwa ushindi peke yake atajivuna. Anayefundishwa kushindwa peke yake atanyong'onyea. Anayefundishwa yote mawili atafikiri, na kufikiri ndiyo kazi iliyompeleka shule.

Tena tunawaambia walimu wa mahali kama Rungwe Mpya kwamba wasidhani historia iko Iringa tu. Milima ya Buha iliwaona Watuta, tawi la Wangoni, waliofika hadi Ujiji katika miaka ya 1850. Iliwaona pia watawala wake wakiitoza misafara hongo nzito hata Stanley, mwaka 1871, akaona heri kuipita nchi hiyo usiku kwa kunyemelea. Wanafunzi wapelekwe kwa wazee na daftari mkononi, waulize kilima hiki kiliitwaje, na kwa nini. Jina la kijiji linaweza kusema neno mpya, na udongo wake ukawa na habari za kale.

Lugalo haikupata jiwe lake yenyewe. Ilihifadhiwa na watu waliokuwa na kinywa na masikio tu, na hiyo ikatosha kulifikisha jina lake kutoka Ruaha hadi Malagarasi. Wazee wakinyamaza, jiwe la mgeni ndilo litakalobaki likisema peke yake.